Kola Iliyodhaniwa ni ya Mbwa

Ukiwa na simu na bando la usiku, unaweza kuukaribia mchoro wa Rembrandt kuliko askari anayeulinda kutwa. Januari 2022, Rijksmuseum ya Amsterdam iliweka mtandaoni picha ya The Night Watch, mchoro wa mwaka 1642, yenye pikseli bilioni 717. Kila pikseli inabeba kipande cha mchoro kilicho kidogo kuliko seli nyekundu ya damu. Nilivuta, nikavuta, hadi uso wa mwanajeshi ukageuka nyufa za rangi kavu. Nikafurahi kama mtoto. Baada ya dakika kumi nikajiuliza: haya, na sasa? Nimeona kila kitu na sijaelewa kitu.

Tusikosane. Mimi niliacha chuo, na mtu asiye na kitambulisho cha mwanafunzi anajua ni milango mingapi ya maarifa huulizia kadi kabla ya salamu. Rijksmuseum ilifungua mlango mapema: mwaka 2012 ilianza na picha 125,000 za kupakua bure, na leo ziko nyingi zaidi. Hilo nawashukuru. Lakini ghala si maonyesho. Ni kama kufunguliwa belo zima pale Gikomba na kuambiwa, chagua. Bila mtu wa kukutolea kamera, unarudi nyumbani na soksi tatu zisizofanana.

Ndiyo maana nataka kuzungumzia kazi nyingine ya makumbusho hayo hayo, maonyesho yao kuhusu utumwa. Yalizinduliwa Mei 2021, jengo likiwa bado limefungwa kwa sababu ya corona, hivyo sisi wa mtandaoni tuliingia kabla ya wenye tiketi. Hapa hawakumwaga belo. Walichagua watu kumi walioishi enzi ya ukoloni wa Uholanzi, wakaandika majina yao mlangoni: João, Wally, Oopjen, Paulus, Van Bengalen, Surapati, Sapali, Tula, Dirk, Lohkay. Kila jina ni chumba.

Anza na Oopjen. Rembrandt alimchora mwaka 1634 pamoja na mumewe, Marten Soolmans, wamesimama wima, nguo nyeusi, lesi nyeupe, viatu vya Marten vina maua makubwa kama keki. Mwaka 2016 Uholanzi na Ufaransa zilinunua jozi hiyo kwa pamoja, euro milioni 160. Ukiivuta kwenye skrini utaona kila uzi wa lesi. Kile usichoweza kukiona hata ukivuta hadi kesho ni pesa zilitoka wapi. Maonyesho yanakwambia: familia ya Marten ilikuwa na kiwanda cha kusafisha sukari Amsterdam, na sukari ghafi ilitoka Brazili, mikononi mwa watumwa. Kisha yanaendelea. Mume wa pili wa Oopjen, Maerten Daey, aliwahi kuwa mwanajeshi Brazili, na huko alimbaka mwanamke Mwafrika aitwaye Francisca, akamzalia mtoto wa kike, Elunam. Rudi sasa utazame ile lesi. Mchoro haujabadilika hata pikseli moja, na bado siyo mchoro ule ule.

Halafu kuna kola ya shaba. Kwa miaka mingi makumbusho yaliiorodhesha kama kola ya mbwa. Lakini kwenye michoro ya matajiri wa enzi hizo kuna vijana weusi, watumishi, wamevaa kola kama hizo shingoni. Michoro na kola vilikuwa chini ya paa moja, na hakuna aliyeviweka pamoja. Hapo ndipo nilipoamini kwamba tatizo la makumbusho si kamera. Unaweza kuipiga kola picha bora duniani, na chini yake bado ukaandika "mbwa".

Kuna pia ambao hawakuacha kitu cha kupiga picha. Sapali alitoroka shamba huko Suriname akiwa ameficha mbegu za mpunga ndani ya misuko ya nywele. Unaweka nini kwenye kabati la kioo? Ndiyo maana maonyesho yanategemea nyimbo na masimulizi ya mdomo, na wasimulizi wenye uhusiano na habari yenyewe. Wally, aliyeasi kwenye shamba la Suriname, anasimuliwa na Remy Bonjasky, yule bingwa wa ngumi na mateke, mzaliwa wa Paramaribo. Ukivaa spika za masikioni kitandani, sauti inakuingia vizuri kuliko ukiwa katikati ya watalii.

Lakini nina malalamiko. Kwenye simu, vitu vyote vina ukubwa wa kidole gumba. Mkatale, lile gogo la kufungia miguu ya watu wengi kwa pamoja, unapita chini ya kidole kama kipande cha mbao tu, sawa na ua la kiatu cha Marten. Uzito umepotea, na maandishi hayajaribu kuurudisha. Pia, ingawa Surapati na Van Bengalen wanatutoa kwenye Atlantiki hadi Bahari ya Hindi, safari haifiki kwetu. Sitawalaumu Waholanzi kwa hilo. Hiyo ni kazi yetu.

Mombasa, makanga huita "Kengeleni!" siku nzima, na abiria hushuka bila kufikiria kengele. Ipo. Ni kengele ya Freretown, makazi ambayo wamishonari wa Kianglikana walianzisha miaka ya 1870 kwa watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, na ililizwa kuwaonya hatari inapokuja. Waliolia nayo, waliokimbia kwa mlio wake, waliitwa nani? Walitoka wapi? Wajukuu zao wanakumbuka wimbo gani?

Siku hizi kila taasisi yetu ikitangaza mradi wa kidijitali, jambo la kwanza ni idadi: picha elfu ngapi zimepakiwa. Pakieni, sawa. Lakini mkimaliza kuhesabu, tupeni watu kumi. Hata watatu. Mtafuteni mzee wa Freretown au wa Rabai, wekeni maiki mbele yake, na msimkatize. Mimi nitanunua bando.