Kutoka Tezo hadi Fidla

Mzinga wa nyuki wa Kikamba, ule unaotundikwa mtini kuanzia Mwingi hadi Kibwezi, ni gogo lililokombwa ndani likabaki ganda. Mti unaopendwa kwa kazi hiyo ni mukau, maana mchwa hawauwezi. Naanza na mzinga kwa sababu fidla nayo ni ganda la mbao, na fundi wake hutumia muda mwingi zaidi kuondoa mbao kuliko kuziunganisha. Fundi wa Kitui au Makueni ana sehemu kubwa ya mafunzo hayo tayari mkononi. Iliyobaki ndiyo ngumu.

Tutazame kwanza alivyoipata hiyo aliyo nayo. Uchongaji wa vinyago vya kuuza Ukambani hutajwa kuanza na Mutisya Munge wa Wamunyu, kwenye barabara ya Machakos kwenda Kitui. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alifika Tanganyika, akajifunza kwa wachongaji wa Kizaramo. Aliporudi aliwafundisha jamaa zake, nao wakawafundisha wengine. Kufikia 1963 wachongaji wa Kikamba walikuwa na chama chao cha ushirika Changamwe, Mombasa. Mafunzo yalikuwa ya kukaa karibu na anayejua: mtoto anaanza kwa kupiga msasa, anakuja kupewa kisu, na tezo mwishoni, kwa sababu pigo moja la tezo linaweza kuharibu kazi ya siku nzima. Mimi naiheshimu sana ratiba hiyo. Mkono unayajua maumbile ya mti kabla haujaruhusiwa kuukata.

Tatizo ni maji. Mchongaji hupenda mbao mbichi, kwa kuwa mpingo ukikauka hugeuka kama chuma. Kinyago kikishapelekwa nchi yenye hewa kavu, hupasuka. Kwa twiga wa mezani hiyo ni hasara ndogo. Kwa fidla, ufa mmoja unaua sauti. Ndiyo maana fundi wa fidla huanza na mbao zilizokaushwa polepole kwa miaka.

Kisha inakuja kazi ya unene. Katika shule za ufundi huu, kama ile ya Mittenwald, Ujerumani, iliyoanzishwa 1858, au ya Cremona, Italia, ya 1938, mwanafunzi husoma miaka mitatu au zaidi, na sehemu nzito ya miaka hiyo ni milimita chache. Ubao wa juu, wa mti mwepesi wa spurusi, hukwanguliwa hadi kiasi cha milimita 3. Ubao wa nyuma, wa mepo, huachwa mnene zaidi katikati na kupunguzwa kuelekea kingoni. Fundi anaushika kwa vidole viwili, anaugonga, anasikiliza, anaukunja kidogo kwa dole gumba, anakwangua tena. Ukizidi unene, sauti inabanwa. Ukizidi wembamba, ubao utalegea chini ya nyuzi nne zinazovuta kwa zaidi ya kilo 20. Ndani husimamishwa kijiti kisichotiwa gundi, kinachopitisha mtikisiko kutoka ubao wa juu hadi wa nyuma. Waitaliano hukiita roho. Ukikisogeza milimita moja, fidla inabadilika sauti.

Mchongaji wetu hajawahi kudaiwa hilo. Kazi yake huhukumiwa kwa jicho. Sikio halikuwahi kuwa mwalimu wake.

Lakini mti wake umeshaingia kwenye ala hiyo. Mpingo, ambao Wakamba huuita mũvingo, ni mzito kiasi cha kuzama majini. Haufai kabisa kwa ubao wa juu, unaotaka wepesi na ugumu kwa pamoja. Ila kwa vigingi vya kukazia nyuzi, na kwa ubao ambao vidole hukandamizia nyuzi hizo, ni mti bora: hauliki upesi. Hukua taratibu mno, shina limepinda na mara nyingi lina uwazi moyoni, kwa hiyo gogo kubwa hutoa vipande vichache safi. Tangu Januari 2017 magogo yake hayavuki mipaka bila kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Kigingi kinahitaji kipande kisichozidi kidole. Hapo ndipo ningeanzia karakana ya Kitui au Makueni: kwa vigingi, kutoka kwenye mabaki ambayo leo huishia jikoni.

Na kabla ya patasi, ningejenga rafu kivulini. Kila kipande kipakwe nta kwenye ncha zake mbili ili maji yatoke polepole, kiandikwe tarehe kwa penseli, na kiachwe.