Namba Isiyojumlishwa

Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ina tarakimu 20. Nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, kisha vistari vinagawa zilizobaki katika mafungu ya tano, tano na mbili. Nimeitazama namba hii miaka mingi kama seremala anavyotazama ubao wa mninga, akijua utapasukia wapi.

Hupasukia njiani, pasipoonekana. Mtu anajaza fomu ya mtandaoni, anabonyeza tuma. Programu inakuta tarakimu tupu, inadhani ni hesabu. Namba za kawaida za JavaScript, lugha ya kuandikia programu za tovuti, zina uhakika mpaka 9007199254740991 tu, yaani tarakimu 16. Kwenye ukubwa wa namba ya NIDA, inaruka hatua ya 4096 kwa mara moja. Haigomi wala hailalamiki. Inaisogeza namba ya mtu hadi hatua iliyo karibu, na ikiiandika tena, tarakimu tatu za mwisho zimeshakuwa sifuri. Watu wawili ambao namba zao zinakaribiana wanaweza kugeuka mtu mmoja.

Tiba yake ni alama mbili za nukuu. Ukiizungushia namba alama hizo kabla haijasafiri, mashine huipokea kama maandishi na kuifikisha kama ilivyo. Naupenda ufundi huu kwa sababu unaanza na swali ambalo si la kompyuta hata kidogo: kuna siku mtu atajumlisha namba yake ya kitambulisho na ya jirani yake? Hakuna. Basi hiyo ni jina lililoandikwa kwa tarakimu, na jina halikadiriwi. Namba ya simu ni vivyo hivyo: ifanye hesabu, sifuri ya mbele inapotea, itume ndani ya anwani ya tovuti bila kuikinga, alama ya kujumlisha kabla ya 255 ya nchi inapokewa kama nafasi tupu.

Vistari navyo vina adabu yake. Mama anayenakili namba kama ilivyo kwenye kadi yake, fomu ikamjibu kwa wekundu kwamba amekosea, amekosewa yeye. Mashine ina uwezo wa kuondoa vistari na nafasi zilizozidi kwa mstari mmoja wa msimbo, na iviondoe yenyewe. Lakini zikibaki tarakimu 19, hapo fundi aweke mikono chini. Asibuni ya ishirini. Airudishe fomu pamoja na yote aliyokwisha kuyajaza mwenye namba, na amwambie wazi: umeandika 19, zinatakiwa 20.

Niliwahi kukabidhiwa mfumo wa usajili uliokuwa umekula tarakimu kwa miezi kadhaa. Msimbo niliurekebisha asubuhi moja. Rekodi zilizoharibika zilikuwa jambo jingine, maana hakuna hesabu inayorudisha kilichokadiriwa. Fomu za awali hazikuwa zimehifadhiwa popote. Tukachukua simu, tukawapigia wenyewe, mmoja baada ya mwingine.

Mzee mmoja aliniomba nisubiri atafute miwani. Akaisoma kadi yake taratibu, tarakimu moja moja, nami nikimrudishia kila moja aliyoitaja. Tulipofika mwisho akauliza kama nimeiandika yote. Nikamsomea tena, tangu mwaka wake wa kuzaliwa.