Ala Nyekundu

Maelezo yake huwa hayabadiliki sana, kuanzia minada ya London hadi maduka ya sanaa ya New York: upanga wa kale wa jadi wa Kiafrika, pamoja na ala yake ya ngozi. Mara nyingi ukitazama picha unakuta ni sime. Bapa ni jembamba karibu na mpini, kisha linapanuka kuelekea nchani kama jani, makali pande zote mbili. Mpini umefungwa ngozi. Ala ni nyekundu. Hapa Mafiga huhitaji kwenda mnadani kuiona. Subiri saa moja jioni, walinzi wanapoingia zamu.

Picha kama hiyo niliiona nikiwa nimekaa barazani, na sime nyingine ipo hatua tatu kutoka kwangu, kiunoni mwa mlinzi wetu, kijana wa Kimaasai. Nikampa simu. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akaiacha bapa, akatazama ala.

"Huyu mwenyewe alikuwa anaitumia," akasema. "Angalia, dada, mdomo wa ala umelika."

Sikuwa nimeuona. Muuzaji naye aliuona kama kasoro tu, akaandika kwamba ngozi imechakaa kidogo. Mlinzi aliona miaka ya kuchomoa na kurudisha. Huo ndio uhakiki ninaoutaka, na maelezo yale hayauwezi, kwa sababu kila neno lake linamwondoa mtu.

Chukua neno Kiafrika. Takuba ya Watuareg nayo huvaa ala ya ngozi, na Jangwa la Sahara liko mbali sana na Kilosa. Neno moja likizibeba zote mbili, halijataja hata moja. Kimaa kina jina lake, olalem. Na nyuma ya jina yupo mfua chuma, Olkunononi, wa ukoo ambao Wamaasai wengine kwa desturi hawakutaka kuoana nao. Aliyepokea chuma kutoka kwao alipaka mafuta mikononi kwanza, kujitakasa. Silaha ya fahari ya morani ilitoka kwa mtu ambaye morani asingemwoa binti yake. Muuzaji akitaka hadithi, ndiyo hiyo.

Neno jadi nalo linanichekesha. Sime ya mlinzi wetu, kwa maelezo yake, ilifuliwa kutoka kwenye spiringi ya lori. Wafua chuma wametumia tupa za zamani na vyuma vya magari kwa miaka mingi, na ndiyo jadi yenyewe: kuchukua chuma kilichopo na kukipa umbo lile lile.

Ila neno linalonisumbua ni kale. Linasema silaha hii imekwisha kazi, haimtishi mtu tena, itundike ukutani. Mimi kwetu ni Kilosa, kwa wakulima. Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa wafugaji walipokivamia, katika ugomvi wa mifugo na mashamba uliokuwa umeshalimbikiza visa vya pande zote mbili. Nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Mwaka 2009 serikali ikaendesha operesheni ya kuwaondoa wafugaji wilayani, na kwetu kuna waliofurahi. Nimekua nikifundishwa kusogea pembeni nikiona ala nyekundu ndani ya basi. Hakuna aliyenifundisha kuangalia mdomo wake.

Kwa hiyo siwezi kumlaumu muuzaji peke yake. Yeye ameandika kale ili mnunuzi alale salama. Mimi nimeandika hatari, neno moja tu, na nimelibandika kwa kila mwenye shuka, akiwemo huyu anayekesha ili mimi nilale. Maelezo yangu ni mafupi zaidi hata kuliko ya mnadani.

Mwaka 2017 Samwel Nangiria wa Loliondo alifika Pitt Rivers, makumbusho ya Oxford, akakuta vitu vya Kimaasai ambavyo kwa desturi haviuzwi wala havitolewi zawadi. Kimojawapo kilikuwa orkatar, bangili ambayo mtoto huirithi kwa babake. Swali likawa zito mara moja: ilitokaje mikononi mwa mwenyewe? Sime si kitu kitakatifu kama orkatar, na watu huziuza hata leo. Lakini swali lile lile ningependa liandikwe chini ya kila picha ya aina hii, mahali panapoandikwa urefu kwa sentimita.

Mlinzi alikuwa bado ameshika simu yangu. Akatelezesha kidole, picha ya pili, ya tatu, akarudi ya kwanza.

"Mkanda wake uko wapi?"

Nikamwambia hawajauonyesha. Akataka kusema kitu, pikipiki ya jirani ikapiga honi nje. Akainuka kwenda kufungua geti, mkono mmoja ukiwa umeikandamiza ala pajani ili isigonge chuma.