Wazo la Hadithi Hutoka Wapi? Rosa Mistika na Wanafunzi Wetu

Kila tukusanyapo hadithi fupi za wanafunzi wetu hapa Uganda, jambo moja halikosi: hadithi hutokea Mombasa au Unguja. Mwandishi ni mtoto wa Masaka au wa visiwa vya Ssese, hajapata kuiona bahari, lakini msichana wake huvaa buibui, mvulana wake hukwea minazi, na upepo wa kusi huvuma tangu aya ya kwanza hadi ya mwisho. Tukimwuliza sababu, hujibu kwamba Kiswahili ni cha huko. Jibu hili si la kuchekwa. Sisi wenyewe ndio tuliomfunza hivyo, kwa vifungu tulivyomchagulia avisome na kwa alama tulizompa kila alipoiga vizuri.

Ndiyo maana twapenda kuirudia Rosa Mistika, riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, iliyotolewa mwaka 1971. Mwandishi huyu, aliyefariki mwaka 2020, alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe. Kisiwa hicho kimo katika ziwa hili hili tulionalo sisi tukisimama Entebbe. Naye alipotaka kuandika riwaya kwa Kiswahili hakwenda kuazima mji wa pwani. Alimzalia Rosa wake papo hapo Namagondo, na Kiswahili hakikulalamika.

Lakini mahali peke yake si wazo, na hapo ndipo wengi wetu hukosea tunapowaambia wanafunzi waandike wanayoyajua. Mtu aweza kukijua kijiji chake nyumba kwa nyumba na asiwe na hadithi hata moja. Tutazame basi Kezilahabi alifanya nini. Malezi ya mabinti ni mada ya mahubiri. Kila mzazi anayo hotuba yake juu yake. Kezilahabi aliigeuza mada hiyo kuwa baba mmoja mlevi, Zakaria, anayempiga binti yake kwa ajili ya barua ya mvulana. Barua ni kitu kidogo, karatasi tu. Hata hivyo, kutokana na kipigo kile Rosa anajifunza kuwaogopa wanaume, na hofu hiyo ndiyo anayokwenda nayo shuleni, mbali na macho ya baba, mahali ambapo haimfai kitu tena. Ikiisha kumtoka, hana kingine cha kumwongoza. Msomaji haambiwi kwamba ukali usio na hekima huleta maafa. Anakiona kipigo, kisha anaiona miaka inayofuata.

Hatusemi kwamba riwaya hii haina ila. Mwishoni, Rosa akiisha kufa, mwandishi anatupeleka hata mbele ya Mungu, baba na binti wakashtakiane huko. Kwetu sisi kesi hiyo ilikwisha kuamuliwa duniani, na mwandishi angeiamini zaidi kazi aliyokwisha kuifanya. (Walioizuia riwaya hii mashuleni zamani hawakulalamikia ukurasa huo, bali zile kurasa zilizosema kweli.)

Adam Shafi naye alianza na jambo kubwa zaidi, mgomo wa makuli wa Unguja wa mwaka 1948. Yeye alizaliwa mwaka 1940, kwa hiyo hakuwamo miongoni mwa waliogoma. Mengi alilazimika kuyatafuta kwa wengine. Mgomo ni habari ya kitabu cha historia. Katika Kuli, iliyotolewa mwaka 1979, habari hiyo iligeuka hadithi pale ilipoingia katika nyumba moja ya kimaskini, kwa Rashidi, kijana anayekwenda kubeba mizigo bandarini. Kila hotuba za umoja zirefukapo, kitabu hupoa. Kila gunia lirudipo begani, huamka.

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja wa kike, mtoto wa mvuvi, alituletea hadithi ya tajiri wa Mombasa aliyempenda binti maskini. Sarufi ilikuwa safi, na sisi karibu tumpe alama zake aende. Tulipomwuliza nyumbani hawajambo, alisema baba yake hana kazi, kwani mtumbwi wake ulichomwa moto ufukweni kwa kuwa haukutimia futi 28 zinazotakiwa na sheria. Alilisema kama udhuru wa kuchelewa kulipa ada. Hakudhani kwamba lile ndilo wazo.

Alipolileta kwa maandishi, lilikuwa limekwisha kuharibika. Aya ya kwanza ilieleza umaskini ni nini, na ya mwisho iliitaka serikali iwasaidie wavuvi. Katikati, mtumbwi uliungua kwa sentensi moja. Hatukumsahihisha, tulimwuliza maswali tu. Usiku ule baba alirudi na nini mkononi? Akasema kasia, lilikuwa limesalia ndani ya nyumba, kwa hiyo hakurudi nalo, alilikuta. Aliliweka wapi? Akanyamaza kidogo, akasema aliliegemeza nyuma ya mlango, na mama akawa kila asubuhi analihamisha ili afagie, kisha analirudisha pale pale.

Nakala ya pili ilianza na mama akifagia. Kulikuwa na makosa ya upatanisho, na neno moja la Kiganda ambalo hakulipatia jina la Kiswahili. Tulilipigia mstari, kisha tukaufuta mstari wenyewe. Sasa yuko katika nakala ya nne. Mwisho bado unamshinda. Siku moja baba anaondoka na kasia, siku nyingine mama analitia jikoni likawa kuni. Juzi alikuja kutuuliza upi ndio sahihi, tukamrudishia daftari lake.