Watoto Wetu na Matembezi ya Mji Mkongwe

 

Umeenea Unguja mtindo wa watu wa nyumba moja, baba, mama na watoto, kumlipa mtembezaji awazungushe vichochoroni katika Mji Mkongwe na kuwaeleza habari zake. Zamani jambo hili lilikuwa la wageni wa nje. Sasa na familia zetu wenyewe hulifanya, siku za likizo za skuli. Hapana ubaya. Mola wetu ametuhimiza mara nyingi katika Qur'ani tutembee katika ardhi, na aghlabu ametaja pamoja na hilo kitu cha kutazama, nacho ni mwisho wa watu waliotutangulia. Kwa mizani hiyo ndiyo nilivyoyapima matembezi niliyoyafuata pamoja na wajukuu zangu, kutoka Forodhani mpaka Darajani.

Kwanza nitoe haki ya mtu. Mtembezaji wetu alikuwa kijana mwenye adabu, si katika wale papasi wanaowaandama watu njiani. Alikwenda mwendo wa mtoto mdogo, akapita penye kivuli, na alijua wapi pana baraza ya kupumzikia. Habari za Beit al-Ajaib alizieleza vizuri: kwamba Sayyid Barghash aliijenga mwaka 1883, na kwamba sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 wakati ikitengenezwa, wakafa watu wawili. Watoto walisikiliza kimya.

Kwenye milango tulisimama mno. Tuliambiwa njumu za shaba asili yake ni kuzuia ndovu huko Bara Hindi (Unguja hapana ndovu, lakini njumu zinapendeza), na kwamba mlango wa mraba juu ni wa Kiarabu na wenye tao ni wa Kihindi. Sawa. Lakini juu ya mmoja palichongwa maandishi, na kijana akayaita mapambo. Mjukuu wangu wa miaka 10 akaanza kuyasoma kwa sauti, herufi kwa herufi, maana ilikuwa aya anayoijua chuoni. Mtembezaji akastaajabu. Mtoto wa Kiislamu anaweza kuisoma nyumba kabla ya kuambiwa habari zake, na faida hiyo ndiyo wanayoipita mbio.

Kisha misikiti. Mji Mkongwe una misikiti ipatayo 50, na mingi haina mnara; huitambui ila uone viatu mlangoni. Tuliipita kadhaa bila ya neno. Tukapita Ukutani, alipofundisha Sheikh Abdallah Bakathir aliyetoka Lamu, asitajwe. Wala hakutajwa Sayyid Ahmad bin Sumait, mzaliwa wa Ngazija, aliyekuwa nahodha baharini ujanani mwake kisha akawa kadhi wa Unguja. Wote wawili walifariki mwaka 1925, na kwao ndiko alikokuja kusoma Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui kutoka Mombasa. Lakini Shangani, kwa ajili ya mwimbaji Freddie Mercury aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, tulisimama robo saa. Simchukii mtu kwa mahali alipozaliwa. Nauliza tu, saa moja ina robo ngapi?

Nyumba za wakfu nazo hazikutajwa. Mtu alitoa kodi ya nyumba yake itumike msikitini au kwa maskini, na leo sisi tunapiga picha chokaa inavyobanduka.

Tulipofika Mkunazini kijana alipunguza sauti. Hapa ndipo lilipokuwa soko la watumwa, lililofungwa kwa mkataba wa Juni 1873 baina ya Sayyid Barghash na Waingereza, na wamisionari wa Kianglikana wakajenga kanisa lao papo hapo. Nje pana shimo lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs wa Uswidi. Kijana akatutazama, akaona kanzu na mabuibui, akasema: "Haya nyinyi mnayajua, twendeni sokoni." Wazazi wakashukuru!

Hapa ndipo matembezi yalipoharibika. Nimepata kuwasikia watembezaji wengine, wakiwa na Wazungu, wakisema kwamba biashara ile ilikuwa ya Waarabu na dini yao, basi. Hawawataji Wafaransa walionunua watu kwa mashamba ya Mauritius na Réunion, wala Wahindi waliokopesha fedha, wala Waswahili sisi. Mgeni hupewa nusu, na mtoto wetu hapewi kitu.

Mtoto aambiwe. Aambiwe kwamba dini yake imefanya kumwacha huru mtumwa kuwa ni kafara ya dhambi, na imemwekea fungu katika Zaka. Na kwamba watu waliolijua hilo walinunua na kuuza binadamu hatua chache kutoka misikitini. Aambiwe milango aliyoipenda ilijengwa kwa fedha za pembe na karafuu, na karafuu hizo zilichumwa na nani. Aambiwe soko lilifungwa 1873 lakini sheria iliendelea kuutambua utumwa mpaka 1897. Na vile vyumba vya chini wanavyoonyeshwa wageni, aambiwe kwamba jengo lile ni la wamisionari, lilijengwa baada ya soko kufungwa, na wako wanahistoria wanaokanusha kwamba watumwa walifungiwa mle. Dhulma ile haihitaji kuongezewa chumvi.

Mjukuu wangu aliniuliza: "Babu, hao walionunua watu walikuwa wakisali?" Nikamwambia: "Wakisali, na wengine safu ya mbele." Mama mmoja aliyekuwa nasi akaona nimemtia mtoto sumu. Mimi naona sumu ni kumwacha aje ayasikie kwa mtu baki, kisha adhani tulimficha kwa kuwa tunayaridhia.

Limebaki la saa. Matembezi yetu yalianza saa nne asubuhi, siku ya Ijumaa, na waliopanga ni Waislamu. Tulifika Darajani khatibu yuko juu ya mimbari, na watoto mikononi wana maji ya miwa.