Mashauri ya sukari wakati wa Covid: yaliandikwa kwa nyumba yenye frigo

Wandugu, tukisoma leo mashauri waliyopewa wagonjwa wa sukari wakati wa Covid, hatukuti neno la uongo. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari (IDF) liliwaambia waweke akiba ya dawa ya majuma kadhaa, wanywe maji mengi, wafuate kipimo cha sukari. Sawa. Shida iko pengine: mashauri yalimfikiria mgonjwa mwenye frigo, mwenye kipimo nyumbani, mwenye duka la dawa karibu.

Tuyalete Kindu. Tarehe 24 Machi 2020 rais Tshisekedi alitangaza hali ya dharura, safari kati ya Kinshasa na mikoa zikafungwa. Sisi tunategemea ndege, barabara zetu tunazijua. Sasa mama wa Alunguli, anayevuka Lualaba kwa mtumbwi kutafuta chupa moja ya insulini, akiba ya mwezi ataitoa wapi? Na akiipata, ataiweka wapi kama umeme hakuna?

Hayo si maneno ya kulalamika tu. Novemba 2021 WHO ilitoa hesabu ya nchi 13 za Afrika: katika wagonjwa wa Covid wote walikufa 2.5 kwa 100. Katika wale wenye sukari, 10.2.

Wengine wanajibu: "Njo maisha yetu, tutafanya nini?" Hapo nakataa. Utafiti wa MSF na Chuo Kikuu cha Geneva, uliotoka 2021, ulianza na joto lililopimwa ndani ya nyumba za kambi ya Dagahaley, Kenya. Ulionyesha kwamba insulini iliyofunguliwa inaweza kukaa wiki 4 katika joto la digrii 25 mpaka 37 bila kupoteza nguvu. Yaani mgonjwa anaweza kurudi na chupa yake nyumbani, asirudi hospitali kila siku kudungwa. Walianza na nyumba ya mgonjwa, ndipo wakaandika sheria.

Lakini tusinakili tu. Chungu cha maji kinachosifiwa kinapoza vizuri penye hewa kavu; hewa ya Kindu iko na unyevu, kitapoza kidogo. Na chupa ambayo haijafunguliwa bado inataka digrii 2 mpaka 8. Kwa hiyo akiba ikae kwenye kituo cha afya chenye frigo ya sola, pande zote mbili za mto, na mgonjwa apewe ya mwezi mmoja mmoja.

Janga lingine litakuja. Wanafunzi wa tiba, tuandike mapema ukurasa mmoja wa Kiswahili, na waganga wausahihishe: usiache insulini hata ukiugua na chakula kikikushinda, muulize muganga kipimo, andika tarehe uliyofungua chupa, ujue nani atakuvushia dawa mto ukifungwa. Ukurasa huo tumsomee kwanza mama wa Alunguli. Asipoweza kuufuata, tuandike upya.