Pini Moja Iliangukia Hispania, Kimbiji Ikaondolewa Kwenye Skrini

Mliofungua ile ramani ya magati ya maji ya Dar es Salaam kwa simu mmeona wenyewe. Inafunguka Posta, zumu 12, na inaganda hapo. Magati ya Kimbiji yamo kwenye data, yana majina, yana saa za kufungua, ila hayaonekani. Mkazi wa Kimbiji akiifungua anakutana na Kariakoo, Upanga na kipande cha bahari, kisha anaifunga akiamini kwake hakuna kilichoandikwa. Mtengenezaji simtaji. Ninachojadili ni uamuzi, na uamuzi ule ulikuwa mbovu.

Msimbo wa ukurasa haukufichwa, kwa hiyo hakuna haja ya kubahatisha. Mstari wa fitBounds, unaoiambia ramani ionyeshe alama zote, upo, umeandikwa sawasawa, na umeachiwa nafasi ya pikseli 20 kila upande. Lakini mbele yake kuna mikwaju miwili ya kuuzima, na chini yake imewekwa setView, inayoifungua ramani mahali pamoja palipopangwa, yenye -6.8, 39.28 na zumu 12. Maana yake mtu aliwahi kuifanya kazi hii vizuri, akaona matokeo, kisha akarudi kuivunja kwa mkono wake.

Aliona nini? Shuka kwenye data utakikuta chanzo. Gati moja la Kimbiji limeandikwa 39.5 mahali pa latitudo na -7 mahali pa longitudo. Namba zikipinduka hivyo hufiki Kimbiji, unafika Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. fitBounds ikaambiwa ionyeshe alama zote, ikatii. Ikainyoosha ramani kutoka Bahari ya Hindi mpaka Rasi ya Iberia, jangwa la Chad likakaa katikati ya skrini, zumu ikashuka hadi 3. Kwa zumu hiyo Dar es Salaam nzima, kuanzia Kibamba mpaka Kimbiji, ina upana wa pikseli tatu.

Kushtuka ni haki yake. Lakini fitBounds haikukosea hata kidogo. Ilikuwa inamwonyesha kwamba kwenye orodha yake kuna gati lililopotea. Ilitakiwa atafute mstari huo, abadilishane namba mbili, basi. Badala yake alizima kazi iliyomfichulia kosa na kuliacha kosa lenyewe. Pini ile iko Hispania mpaka leo. Kosa la mstari mmoja limetibiwa kwa kuwaondoa watu wa kata nzima mbele ya macho, na sioni hoja yoyote ya ufundi inayoweza kuutetea uamuzi huo.

Tupige hesabu. Kwa zumu 12, pikseli moja huku kwetu ni kama mita 38. Simu yenye upana wa pikseli 360 inaonyesha kilomita 14 hivi, saba kila upande wa katikati. Upande wa mashariki ramani inaishia maeneo ya Mjimwema. Kimbiji iko zaidi ya kilomita 20 mashariki ya Posta, tena imeshuka kusini kuliko skrini inavyofika. Na si Kimbiji peke yake: Bunju nje, Kibamba nje, Chanika nje. Kwenye kioo kikubwa cha kompyuta ya ofisini hali ni nafuu, na nina hakika huko ndiko ilikojaribiwa.

Utetezi wa kila siku ni kwamba mtu ataburuta kidole mpaka afike kwake. Haburuti. Anayetafuta maji haji kuchezea ramani. Anaangalia mara moja, asipoona kitu anaondoka. Ili aburute lazima kwanza ajue kuna kitu upande ule, na kazi ya mwonekano wa kwanza ni kumjulisha hilo.

Nimelisema kwenye safu hii na nitalirudia: Dar es Salaam si Posta mpaka Mwenge. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa 2016. Kigamboni, iliko Kimbiji, ilishatoka Temeke ikawa wilaya yake yenyewe. Na mradi wa visima virefu 20 vya Kimbiji na Mpera, uliobuniwa kwa ajili ya kulipatia jiji maji ya chini ya ardhi, umebeba jina la Kimbiji. Halafu ramani ya maji ndiyo inayoikata Kimbiji. Hilo linaniuma.

Waliotutangulia walikuwa na shida kubwa zaidi wakafanya vizuri zaidi. Mwaka 2009 Kibera ilikuwa pengo tupu kwenye ramani, vijana wa Map Kibera wakalijaza kwa kutembea na GPS mkononi. Tandale ikafuata 2011. Kuanzia 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi, pamoja na wakazi, walipita kwenye kata zinazofurika kwa ajili ya Ramani Huria, wakiandika mifereji na njia. Wale walihangaika kuipata alama. Huyu alishapewa alama, akazificha. Hata upande wa msimbo, waliotumia toleo la pili la ramani za Google walilazimika kuuliza zumu inayofaa kwa getBoundsZoomLevel, kisha wapange katikati wenyewe. Vladimir Agafonkin alipoitoa Leaflet mwaka 2011, alitupa maktaba nyepesi ambamo shughuli yote hiyo ni mstari mmoja. Kuuzima mstari huo ni kudharau kazi ya watu.

Kwingineko ramani ni safi: inafunguka haraka, alama zilizosongamana zimefungwa mafungu, Kiswahili chake kimenyooka.

Dawa ni ndogo. Kabla alama haijaingia kwenye kundi, ipitishwe kwenye chujio: latitudo kati ya -6.5 na -7.3, longitudo kati ya 38.9 na 39.7. Isiyopita iandikwe pembeni ili mtu airekebishe, isitupwe kimyakimya. Kundi liwe featureGroup, kwa sababu layerGroup haina getBounds ya kuipa fitBounds mipaka ya alama, na kila mwaka kuna anayepoteza siku nzima hapo. Kisha mikwaju miwili ifutwe, na setView iliyo chini yake iondolewe.

Zumu nayo isiachwe ijikate kwenye namba kamili. Kibamba mpaka Kimbiji ni kama nusu digrii ya longitudo. Kwenye pikseli 320 zinazobaki baada ya nafasi za pembeni, zumu inayotakiwa ni 9.8. Leaflet isipoelekezwa inashuka mpaka 9, na jiji linachukua zaidi kidogo ya nusu ya upana wa skrini. Ukiweka zoomSnap 0.25 unapata 9.75. Herufi za vigae vya ramani zitafifia kidogo, na mimi nakubali zififie.

Likibaki gati moja tu baada ya mtu kuchuja kwa kata, mipaka inakuwa nukta, na fitBounds inazama mpaka mwisho wa zumu, kwenye paa la nyumba lisilo na jina la mtaa. Hapo iwekwe maxZoom 15. Na majaribio yafanyike kwenye simu ya pikseli 360, kata iliyochaguliwa ikiwa Kimbiji.